UZI: Kiwanda cha mafuta ya alizeti Arusha kinasimama kwa kukosa chupa huku stoo imejaa lebo. Turekebishe wapi kwanza?

Alizeti_Njiro

Wakuu, heshima kwenu. Wenye uzoefu wa ugavi, usafirishaji na forodha, naomba mshuke na namba.

Kiwanda kiko Njiro. Kinajaza chupa 2,000 za lita 5 kwa siku, sawa na lita 10,000, yaani tani 9.2 za mafuta. Mbegu zinazokamuliwa ni kama tani 30 kwa siku, zinatoka Singida, Hanang na Babati. Chupa tupu, vifuniko, lebo na katoni vyote vinatoka Dar. Udongo wa kusafishia mafuta unatoka India, kontena mbili za futi 20 kwa mwaka, na kostiki soda kidogo. Soko ni Arusha, Moshi, Karatu, Babati na Namanga.

Stoo ilivyo leo: lebo za miezi 11, katoni za miezi 3, vifuniko vya siku 5, chupa za siku 4. Oda ya chupa huchukua wastani wa siku 6 za kazi tangu stoo waombe, ila kuna oda zilizofika siku ya 3 na nyingine siku ya 11. Kuna wanaotaka tukodi ghala la pili, na kuna wanaotaka tubadili msafirishaji. Kabla hela haijatoka, nasikiliza.

Ugavi_Moshi

Mkuu, ghala lisubiri, na msafirishaji muache kwanza.

Dar hadi Arusha ni kilometa mia sita na ushee. Lori lililofungwa turubai jioni, keshokutwa asubuhi linapaswa kuwa getini kwako. Kwa hiyo katika hizo siku 6, za barabarani hazizidi mbili. Nne zilizobaki zinaliwa mezani, na hizo ndizo zinazokupa siku 3 leo na siku 11 mwezi ujao. Ukibadili msafirishaji bila kugusa hizo nne, utamlipa mtu mpya kwa ucheleweshaji uleule.

Fanya hivi. Vuta mafaili ya oda 20 za mwisho za chupa. Kwa kila oda andika tarehe saba: stoo walipoomba, LPO (hati ya oda ya manunuzi) iliposainiwa, hela ilipoingia kwa saplaya, saplaya aliposema mzigo uko tayari, lori lilipomaliza kupakia, lori lilipofika getini, na mzigo ulipoandikwa kwenye kadi ya stoku. Toa tarehe moja kwenye inayofuata. Utaona kwa macho siku zinalala wapi. Sehemu za kutazama sana: LPO kungoja sahihi ya mtu mmoja ambaye hayupo, malipo ya Ijumaa mchana yanayoonekana kwa saplaya Jumatatu, saplaya anayengoja mzigo wa mteja mwingine ili lori lijae, na lori linalofika Jumamosi saa nane wakati wapakuaji wameshaondoka.

Sasa namba. Kiwango cha kuagiza ni matumizi ya siku mara siku za kungoja, ukijumlisha akiba ya usalama. Tuseme matumizi ni 2,000 kwa siku na hupanda au kushuka kwa 300 hivi. Siku za kungoja ni 6, na hupanda au kushuka kwa siku 2. Hiyo "kupanda na kushuka" ni mkengeuko sanifu, Excel inakupa ukiweka hizo oda 20.

Mchango wa matumizi: 6 × 300 × 300 = 540,000.
Mchango wa siku: 2,000 × 2,000 × 2 × 2 = 16,000,000.
Jumla 16,540,000. Kipeo chake cha pili ni 4,067. Zidisha kwa 1.65, unapata akiba ya chupa 6,710.

Kwa hiyo agiza stoku ikifika 12,000 + 6,710, yaani chupa 18,700 hivi. Wewe una za siku 4, ambazo ni 8,000. Hapo mashine lazima isimame, hakuna wa kulaumiwa barabarani.

Tazameni vizuri hizo namba mbili za juu. Mchango wa siku ni karibu mara 30 ya mchango wa matumizi. Mkikaa vikao kutafuta utabiri mzuri zaidi wa mauzo mpaka ile 300 ishuke kuwa 150, akiba inashuka kutoka 6,710 hadi 6,628, mmeokoa chupa 82. Lakini mkibana siku za kungoja zisiyumbe kwa 2 bali kwa 1, akiba inashuka hadi 3,516. Karibu nusu imeondoka, na wastani wa siku 6 haujaguswa hata kidogo. Kwa kiwanda kilicho mbali na saplaya kama vya huku kwetu, lori linalofika siku ya 6 kila mara ni bora kuliko linalofika siku ya 3 mara moja moja.

Kadi_ya_Stoku

Hiyo 1.65 imetoka wapi mkuu? Na kuna kanuni nyepesi tunayofundishwa: matumizi ya juu kabisa mara siku za juu kabisa. Ina ubaya gani?

Ugavi_Moshi

1.65 ni kizidisho cha kiwango cha huduma cha asilimia 95. Maana yake katika kila oda 100, kwenye 95 stoku haitaisha kabla mzigo haujafika. Ukitaka asilimia 99 tumia 2.33. Kwa vifuniko tumia 2.33 bila kujiuliza, kwa sababu ni vidogo, ni bei ndogo, na kikikosekana kimoja chupa nzima haitoki.

Kanuni ya juu mara juu haina ubaya kwa vitu vidogo. Kwa chupa tupu inaumiza. Weka 2,600 kwa siku mara siku 11, unapata 28,600. Hizo ni karibu chupa 10,000 zaidi ya hesabu ya kwanza, na chupa tupu ya lita 5 inakula nafasi. Ndiyo njia watu wanavyojikuta wamekodi ghala la kuhifadhia hewa.

Jambo moja zaidi: unapolinganisha stoku na kiwango cha kuagiza, jumlisha kilichopo na kilicho njiani. Mtunza stoo akitazama rafu peke yake ataagiza mara mbili. Mara nyingi lebo za miezi 11 huzaliwa hivyo, au huzaliwa na mchapaji anayedai kima cha chini cha oda kilicho kikubwa. Kama ni mchapaji, kubaliana naye kiasi cha mwaka kwa bei moja lakini akutolee kwa awamu kila miezi miwili. Muundo wa lebo ukibadilika katikati, hasara inaishia kwenye awamu moja.

Puliza_Chupa

Nimengoja mtu aseme neno chupa tupu. Naomba nikae hapo kidogo, maana hapo ndipo hela yenu inapotoroka kupitia dirishani.

Chukua chupa moja ya lita 5, ipime kwa rula pamoja na mkono wake: sentimeta 16 kwa 16 kwa 33. Zidisha, unapata karibu lita 8.4 za nafasi. Lori lenye ujazo wa meta 60 linabeba chupa 7,100 tu, na ukizipandisha mizani hata tani moja hazifiki. Mnalipa lori kubwa kutoka Dar libebe mzigo ambao kirikuu kingeuweza kwa uzito. Chupa 7,100 ni siku tatu na nusu za kazi, kwa hiyo mnahitaji lori karibu mara mbili kila wiki. Kila safari ni nafasi nyingine ya kuchelewa.

Dawa yake ni kuleta prifomu, vile vijichupa vinene vya plastiki vyenye mdomo uliokamilika, mkapulizie hapo Njiro. Nafasi ya chupa moja tupu inameza prifomu zaidi ya kumi. Lori lilelile likileta 70,000 ni siku 35 za uzalishaji. Oda inakuwa moja kwa mwezi, na akiba ya siku kumi inakaa kwenye kona ya stoo.

Ila msinunue mashine kwa kusoma karatasi ya muuzaji. Mnahitaji chupa 2,000 kwa saa 8, ambazo ni 250 kwa saa. Toa muda wa kubadili moldi (kalibu ya kuumbia chupa), umeme kukatika na marekebisho, tuseme asilimia 20. Basi mashine iweze walau 313 kwa saa kwa chupa ya lita 5 hasa, maana muuzaji hupenda kutaja kasi ya chupa ndogo. Kompresa iwe ya shinikizo kubwa, bar 30 hadi 40, yenye kikausha hewa, na chila ya kupoza moldi. Watu wananunua mashine ya kupuliza halafu wanagundua kompresa na chila havikuwemo kwenye bei. Umeme ukikatika, prifomu zilizokuwa ndani ya tanuri zote zinaenda chakavu, hilo nalo liwekeni kwenye hesabu.

Na kuna jambo la Arusha hasa. Mwezi wa Juni na Julai stoo ya mabati asubuhi ni baridi kali. Prifomu ikitoka kwenye baridi hiyo ikaingia moja kwa moja kwenye tanuri, moyo wa plastiki unabaki wa baridi wakati ngozi imeiva. Ikipulizwa inavutika vibaya na kutoka na ukungu mweupe kama maziwa, hasa chini na kwenye kona. Opereta anaongeza moto, saa tano jua likishatoka chupa zinaanza kulegea. Mashine ni nzima kabisa. Ingizeni prifomu za kesho kwenye chumba cha mashine leo, zikae saa 24. Kwa matumizi ya siku ni paleti chache tu.

Tumieni zilizotangulia kuingia kwanza, maboksi yafunikwe dhidi ya vumbi, yasikae juani. Na msitupe prifomu kwa koleo kutoka boksi hadi boksi. Mdomo ukipata mkwaruzo, kifuniko hakitazuia mafuta.

Dada_Ghala

Naunga mkono hoja ya prifomu, ila ibaki na saplaya wa pili wa chupa zilizopulizwa tayari, hata kwa asilimia 10 ya mahitaji. Mashine moja ya kupuliza ikifa beringi, kiwanda kizima kimelala.

Kwenye katoni nina neno. Chupa nne za lita 5 kwenye katoni moja ni kama kilo 19. Pangeni katoni moja juu ya nyingine, kona juu ya kona, kama nguzo. Wapakiaji wanapenda kupishanisha kama matofali kwa sababu haziyumbi, lakini nguvu ya katoni iko kwenye kona zake. Ukizipishanisha zinapoteza karibu nusu ya uwezo wa kubeba, na ndiyo maana safu ya chini inafika Karatu imepondeka na mafuta yanatiririka. Ili zisiyumbe, pishanisha safu ya juu peke yake na uzungushie nailoni. Katoni isitoke nje ya ukingo wa paleti hata sentimeta mbili. Na paleti zisigusane na ukuta wala sakafu mbichi, kwa sababu karatasi ikinyonya unyevu hulainika hata kama kwa macho ni kavu.

Ekseli_Sita

Upande wa malori. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli (mihimili ya magurudumu) 7. Semi ya ekseli 6 inahesabiwa hivi: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za kuvuta zenye matairi pacha tani 18, ekseli tatu za trela tani 24. Jumla 50. Toa uzito wa gari tupu, tuseme tani 17, mzigo ni 33. Trela yenye matairi mapana ya mojamoja kikomo chake ni cha chini, kwa hiyo mtu wa kupanga mzigo ajue trela ina matairi gani kabla ya kuahidi tani.

Kosa kubwa ni kutazama jumla peke yake. Gari linaweza kuwa na jumla ya tani 48 na bado likakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza au Himo kwa sababu ekseli za kuvuta zimezidi. Madumu na katoni za mafuta ni mzigo mzito, wapakiaji wanaujaza mbele kwa sababu ndiko walikoanzia, nyuma panabaki wazi. Pimeni katoni moja, zidisheni, mchore kwa chaki kwenye sakafu ya trela mwisho wa kila tani 5. Dakika kumi za chaki zinaokoa siku nzima ya kupakua na kupanga upya pembeni mwa mizani.

Kwa Fuso ya kusambaza kuna mtego mwingine. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma unainua pua ya gari. Ukipakua mteja wa kwanza huko nyuma, uzito unarudi mbele, na gari lililotoka Njiro likiwa halali linafika mizani ekseli ya mbele imezidi. Gari lenye wateja wengi lipimwe kwa hesabu kila baada ya kituo, siyo mara moja wakati wa kutoka.

Bei: mnaoleta mzigo kutoka Dar kuja Arusha mnalipa nauli ya kwenda. Anayepeleka mzigo Dar kutoka huku anaweza kupata nauli ya kurudi, iliyo chini. Mavuno yakianza, malori yanakimbilia mahindi, maharage na vitunguu, na nauli inapanda. Funga mkataba wa miezi kumi na mbili wenye idadi ya safari kwa wiki, siku ya kupakia, na kipengele cha dizeli kinachopanda na kushuka kwa bei kikomo za mafuta za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) zinazotoka kila mwezi. Msafirishaji akijua Jumanne na Ijumaa kuna mzigo wako, atakupangia gari. Ukimpigia Jumatatu jioni, atakupa lililobaki.

Alizeti_Njiro

Asanteni sana. Hesabu ya Ugavi_Moshi na ya chupa nimezielewa. Udongo na kostiki je? Kuna ushauri wa kupitishia Mombasa kwa sababu ni karibu.

Wakala_Holili

Kwa kilometa ni kweli. Mombasa kupitia Voi, Taveta na Holili hadi Arusha ni chini ya kilometa 400, Tanga ni kama 430, Dar ni zaidi ya 600. Barabara ya Voi hadi Taveta ni ya lami na Holili ni kituo cha pamoja cha mpakani, gari halisimami mara mbili. Lakini hesabu isiishie kwenye dizeli. Mzigo unapita nchi nyingine, kwa hiyo kuna dhamana ya forodha, kufuli la kielektroniki, na kontena tupu lazima lirudi Mombasa ndani ya siku za bure za laini ya meli. Kwa kontena mbili kwa mwaka unajenga utaratibu mzima wa nchi mbili kwa ajili ya safari mbili. Mwenye kontena mbili kwa wiki naweza kumwambia Mombasa. Kwako, hapana.

Bandari_Tanga

Kaka, hapo kwenye Tanga usipite haraka. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukashushwa kwa matishari, ndiyo maana watu waliikimbia. Sasa kuna gati la meta 450 lenye kina cha meta 13, meli inafunga moja kwa moja. Umbali hadi Njiro ni mfupi kuliko Dar kwa karibu kilometa 200, na hakuna mpaka wa kuvuka.

Wakala_Holili

Gati silibishii. Suala ni laini zipi za kontena zinapita Tanga na mara ngapi. Meli inayokuja kwa nadra inarudisha ile shida ya siku kuyumba. Aulizie kwanza ratiba ya miezi mitatu kwa bandari ya India anakotoa mzigo. Ikiwa ya uhakika, Tanga iko mbele. Ikiwa ya kubahatisha, akae Dar.

Njia yoyote atakayochukua, karatasi zianze kabla ya meli. Cheti cha ubora cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kinatolewa nchi mzigo unakotoka, kabla haujapakiwa. Ukifika bila cheti, ukaguzi unafanyika hapa na gharama inaongezeka. Kostiki ni kemikali, inataka kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali, nacho kiombwe wakati LPO inatoka. Jina la bidhaa kwenye ankara, kwenye hati ya shehena na kwenye kibali liwe moja neno kwa neno. Ankara ikisema kitu kimoja na kibali kingine, kontena linakaa bandarini, na mita ya tozo za bandari na za laini ya meli haisimami wakati mnarekebisha.

Kontena msilipandishe Arusha. Mkipitia Dar, livunjeni hukohuko, yaani mzigo utolewe ndani yake upande trela ya kawaida. Kontena moja likibeba mifuko 720 ya kilo 25 ni tani 18, kwa hiyo kuna nafasi ya tani 15 nyingine: pakieni katoni na prifomu zenu humohumo. Kontena likija Njiro, mnalipia pia safari ya kulirudisha tupu na siku zake zinahesabiwa. Angalizo ni mvua. Udongo ule kazi yake ni kunyonya, hauchagui cha kunyonya, ukipata unyevu au ukipakiwa karibu na kitu chenye harufu umepoteza nguvu kabla haujaona mafuta. Turubai mbili, nailoni chini, na siku ya mvua msivunje kontena nje.

Kuagiza: mkitumia asilimia 1.3 ya mafuta, ni kilo 120 kwa siku, karibu mifuko 5. Ikiwa LPO hadi stoo ni siku 75, mnahitaji tani 9 za kungojea na akiba ya siku 30 ambayo ni tani 3.6. Mkibaki na mifuko 504, LPO mpya itoke siku hiyohiyo.

Kinu_Singida

Mbona mbegu hazijaguswa? Tani 30 kwa siku ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote mliyojadili.

Alizeti ni nyepesi, meta moja ya ujazo ni kama kilo 400. Stoku ya siku 100 ni tani 3,000, meta za ujazo 7,500. Ukizipanga meta 4 kwenda juu unahitaji karibu meta za mraba 1,900 za sakafu bila njia za kupita. Mafuta ghafi ya siku hizohizo 100 ni meta za ujazo 1,000 tu, matangi manne ya lita 250,000.

Kwa hiyo mna njia mbili. Kukamua Singida au Babati na kuleta mafuta ghafi kwa tanki, au kuendelea kuleta mbegu. Tanki linashinda kwa nauli na nafasi. Lakini mbegu tani 30 zinaacha karibu tani 19 za mashudu kila siku, na soko la mashudu lipo huko kwenu: wafugaji wa Arumeru na Kilimanjaro, na wanunuzi wa Kenya wanaochukua kupitia Namanga. Mkikamulia Singida, nauli ya mashudu inabaki palepale, imebadilika jina tu. Fanyeni hesabu kwa bei ya mashudu getini Singida na getini Njiro. Tofauti ikiwa kubwa kuliko nauli ya tani moja, leteni mbegu. Ikiwa ndogo, leteni mafuta.

Maoni yangu: mchanganyiko. Msimu, kuanzia Mei hadi Agosti, leteni mbegu kwa wingi na mjaze matangi. Baada ya hapo nunueni mafuta ghafi kwa kujazia. Mbegu zipimwe unyevu kabla ya kushushwa, asilimia 9 au chini. Zikizidi zinapata joto ndani ya rundo na asidi ya mafuta inapanda, halafu mnaitoa kwa kostiki mliyoiagiza kwa dola. Sukuma fimbo ya kipimajoto katikati ya rundo kila wiki. Mafuta ghafi yachujwe kabla ya kuhifadhiwa, maji ya chini yatolewe kwa bomba la chini ya tangi, tangi likae limejaa ili hewa iwe ndogo. Msiweke koki ya shaba wala ya aloi yake popote mafuta yanapopita, shaba inaharakisha kuchacha.

Lori la mazao litoke na stakabadhi ya ushuru wa halmashauri mkononi. Dereva akiambiwa "inakuja kwa WhatsApp", gari linalala kizuizini. Wanaotokea Makuyuni wapitie barabara ya mchepuko ya kilometa 42.4 inayozunguka kusini mwa mji, wasiingie katikati ya Arusha na semi.

Msambazaji_Kaskazini

Kwa upande wa kusambaza, fupi tu: kila njia iwe na siku yake isiyobadilika. Moshi na Himo siku moja, Karatu na Mto wa Mbu siku nyingine, Longido na Namanga siku nyingine. Oda ifungwe saa nane mchana siku moja kabla. Mteja akijua gari linakuja Jumatano, anaagiza Jumanne na hajazi duka kwa hofu. Mzigo wa kuvuka Namanga uende na cheti cha uasilia cha Afrika Mashariki na alama ya ubora ya TBS kwenye lebo.

Alizeti_Njiro

Nimepata pa kuanzia: oda 20 na tarehe saba. Swali la mwisho kwa Puliza_Chupa. Tukihamia prifomu, vifuniko vilivyopo stoo vitatumika?

Puliza_Chupa

Usikubali jibu la "vinafanana". Omba michoro ya mdomo wa prifomu na ya kifuniko, linganisha kipenyo, idadi ya mizunguko ya uzi na kimo cha pete ya usalama. Kisha omba prifomu 200 za sampuli, zipulizwe, jaza mafuta ya uvuguvugu kama yanavyotoka kwenye mashine ya kujaza, funga kwa mashine yenu wala siyo kwa mkono. Laza 100 ubavu, 100 zigeuze kichwa chini, zote juu ya karatasi nyeupe, saa 24. Mafuta yanapenya mahali maji hayapenyi, doa dogo kwenye karatasi linatosha kukuambia. Chupa yoyote ikitoa doa, usiagize lori, rudi kwenye michoro.